KONA YA AFYA: Dawa ya sukari na ganzi ya miguu

Mwezi huu tunaongea na familia zenye mgonjwa wa sukari.

Mama mmoja jirani yetu alimeza vidonge vya metformini kwa miaka saba. Sukari ilikuwa imetulia. Lakini miguu ikaanza kufa ganzi, na usiku inamchoma kama amekanyaga majivu ya moto. Siku moja kandambili ilimtoka njiani, akafika bombani na mguu mtupu bila kujua. Wengine wakasema amerogwa. Wengine wakasema, "Ni hizo dawa, achana nazo!" Akaziacha. Baada ya wiki chache sukari ikapanda, tukambeba usiku mpaka kituo cha afya.

Kumbe waliotaja dawa hawakukosea sana. Kosa lilikuwa kuiacha bila kumuuliza mganga.

Metformini ni dawa nzuri, lakini ikitumika miaka mingi inaweza kuzuia mwili kufyonza vitamini B12 kutoka kwenye chakula. Mwaka 2022 wasimamizi wa dawa wa Uingereza walitangaza kwamba upungufu huo ni wa kawaida, hasa kwa wenye dozi kubwa au waliotumia muda mrefu. B12 ndiyo inasaidia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Ini linaweka akiba yake, ndiyo maana upungufu unakuja polepole sana.

Sisi wa kambini tuna shida ya pili. B12 inapatikana kwenye nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mahindi, maharage na mboga za majani kwa asili havina. Na mara ngapi kwa mwezi tunaonja nyama? Basi, hata dagaa kidogo wakipatikana, mgonjwa naye apewe, wasiishie kwa baba na wageni tu.

Dalili ni hizi: ganzi au kuchomachoma miguuni na mikononi, kuchoka sana, kupauka, ulimi kuuma, kuyumba ukitembea, kusahausahau.

Sukari yenyewe pia inaleta ganzi, kwa hiyo usijipime kwa macho. Mwambie mganga au nesi: "Natumia metformini tangu mwaka fulani, na miguu inakufa ganzi." Akiona ni upungufu, kuna sindano na vidonge vya B12. Usichelewe, maana mishipa ikiharibika sana haiponi yote.

Na kila jioni mtoto amwangalie bibi au babu nyayo. Mguu wenye ganzi hausikii mwiba wala kaa la moto.

Yule mama alichomwa sindano za B12, akarudia na vidonge vyake. Ganzi imepungua, ingawa haijaisha. Bombani sasa anafika na kandambili zote mbili.

Tukutane mwezi ujao. Mbaki salama.