Fedha Zilivuka Mnazi Mmoja, Watoto Je?



Wengi wetu tutokao Kariakoo kwenda mjini huvuka Mnazi Mmoja bila kukumbuka kwa nini uwanja ule uliachwa wazi. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi, na Mnazi Mmoja ukawa mpaka baina ya Uhindini na mitaa ya Waafrika. Shule nazo ziligawanywa vivyo hivyo: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Fungu la mtoto wa Kiafrika lilikuwa dogo kuliko yote.

Waislamu walikuwapo pande zote mbili za uwanja ule. Kibla chao kilikuwa kimoja, na mwezi wa Ramadhani waliufunga wote. Hata hivyo, asubuhi ilipofika watoto wao walishika njia mbalimbali.

Wazee wetu hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1930 wazee wa Al Jamiatul Islamiyya walijenga shule hapa Kariakoo, ili watoto wa Kiislamu wapate elimu ya dini na ya dunia pamoja. Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu aliasisi East African Muslim Welfare Society, na kwa jumuiya hiyo michango ya Waislamu wenye asili ya Kihindi ikasaidia kujenga misikiti na shule za Waafrika. Hiyo ilikuwa kheri kubwa, nasi tunawaombea malipo mema.

Lakini tuseme kweli, maana kweli ndiyo ifunzayo. Fedha zilivuka Mnazi Mmoja, watoto hawakuvuka. Ni rahisi zaidi kumjengea ndugu yako shule kuliko kumkaribisha mwanawe akae dawati moja na mwanao.

Kuanzia mwaka 1962, mara baada ya Uhuru, mfumo wa shule kwa rangi ulifutwa. Shule za serikali na za jumuiya za dini, za Kiislamu na za Kikristo, zikatakiwa kumpokea mtoto bila kuuliza asili yake. Sheria ilifungua mlango. Kuingia pamoja na kujuana kulibaki kazi ya wazazi, walimu na viongozi wa dini.

Kazi hiyo haijesha. Leo hakuna kibao langoni kinachomzuia mtoto kwa rangi yake, lakini ada inaweza kufanya kazi ya kibao kile. Mtoto wa mchukuzi wa mizigo sokoni na mtoto wa mwenye duka la jumla huishi mtaa mmoja, huswali msikiti mmoja, kisha mmoja hupanda basi la shule na mwingine huenda kwa miguu kwenye darasa lililofurika.

Aya ya 13 ya Suratul Hujuraat inatufundisha kwamba tofauti zetu ni sababu ya kujuana. Watajuanaje wasiokutana? Basi kila shule inayobeba jina la Uislamu ijiulize: imetenga nafasi ngapi kwa watoto wa wasio na uwezo? Kila msikiti wenye maduka ya wakfu utazame kama sehemu ya kodi yake inaweza kulipa ada hizo. Nasi wazazi tuanzie nyumbani: usiku wa leo tuwaulize wanetu majina ya rafiki zao, kisha tupime duara lao lina upana gani.

Wabillahi tawfiq.