KUDHARAU KORTI NI NINI, NA NI NANI AIDHARAUYE?



Tulipokwenda Singida kununua mafuta ya alizeti tuliwakuta wazee barazani wakizungumza habari za kiti cha Singida Mashariki. Kiti hicho Spika alikitangaza kuwa ki wazi mwezi wa Juni 2019, hali mbunge wake, Bwana Tundu Lissu, yuko ng'ambo akitibiwa majeraha ya risasi. Bwana Lissu aliomba Mahakama Kuu, na Septemba mwaka ule ombi lake likakataliwa. Mzee mmoja alipoanza kusema kuwa uamuzi ule haukumridhisha, mwenziwe alimkatiza: "Nyamaza, utafungwa kwa kudharau korti!"

Hofu hiyo twaisikia hata huku visiwani. Kwa hiyo twaona yafaa jambo hili lifafanuliwe.

Kanuni ya Adhabu ya Bara, toleo la 2022, kifungu cha 114, yahesabu kuwa ni kosa kuivunjia korti heshima kwa neno au kitendo kesi inaposikilizwa. Shahidi kukataa kuapa au kujibu. Na kusema au kuandika maneno yawezayo kuipotosha kesi ambayo haijaamuliwa. Adhabu yake ni kifungo cha miezi 6 au faini isiyozidi shilingi 500. Fedha hiyo dukani kwetu haipati robo ya sukari, lakini miezi sita ya jela si mchezo. Na katika kesi ya madai, mwenye kuvunja zuio la korti aweza kukamatiwa mali yake, na yeye mwenyewe kuwekwa ndani muda usiozidi miezi 6.

Ama kuipima hukumu iliyokwisha kutolewa, kwa adabu na hoja, pasipo kumzulia jaji uovu, hiyo si dharau. Kwani rufaa ni nini, kama si kusema kuwa hakimu amekosea?

Dharau iliyo kubwa zaidi ni ya mwenye cheo aamriwaye na korti akapuuza. Kenya, Septemba 2024, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi 6, kwa kuitwa mara kwa mara aeleze habari za watu waliotekwa, naye asifike. Alipohudhuria na kuomba radhi ndipo adhabu ikaondolewa.

Imepokewa kuwa Sayyidna Ali, hali ni Amiri wa Waumini, alisimama mbele ya Kadhi Shuraih kudai deraya yake. Alikosa ushahidi, akashindwa, akaridhika. Hiyo ndiyo heshima ya korti: huanza juu, kisha hushuka chini.

Basi, ndugu zetu, tukiingia kortini tutulie, na kesi ikiwa ingali mbele ya jaji tuchunge ndimi. Hukumu ikishatolewa, tuseme kwa hoja wala tusiogope. Na wakubwa nao watii kama tutiivyo sisi.

Wabillahi tawfiq.