Kutoka New York hadi Jeddah: Rula au Uzi?



Ndugu wasomaji, nyumba nyingi za Pwani zina mtoto au jamaa aishiye Marekani. Akitueleza kwamba misikiti ya New York huelekea kaskazini-mashariki, sisi huona ajabu, kwani ramani ya ukutani yaonyesha Makka iko kusini-mashariki mwa mji ule. Wako wafikao kubishana, hata kutiliana shaka katika sala. Jawabu limo katika namna ya kupima masafa ya ndege.

Tutazame New York na Jeddah. Ukiweka rula juu ya ramani bapa, mstari utavuka Atlantiki, uingie Moroko na kulikata Jangwa la Sahara. Njia hiyo ni kilomita 10,870 hivi. Sasa chukua tufe la dunia, uvute uzi baina ya miji hiyo hadi ukaze. Utauona ukipanda kwanza kaskazini-mashariki hadi Newfoundland, kisha ukiteremka kupitia kusini mwa Ufaransa na Italia hadi Misri na Bahari ya Shamu. Njia hii ni kilomita 10,200 hivi. Tofauti yao yazidi mwendo wa gari kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Sababu ni kwamba dunia ni mviringo, na ramani bapa huzivuta nchi za karibu na ncha zikaonekana kubwa kuliko zilivyo. Hivyo njia fupi huonekana ndefu.

Hesabu yake si ngumu. Duara zima la dunia ni digrii 360, na kila digrii ni kilomita 111 hivi. Uzi wetu wachukua digrii 92, yaani robo ya duara na ziada kidogo. Zidisha 92 kwa 111, utapata 10,212.

Elimu hii si ngeni kwetu. Mwaka 997, Al-Biruni akiwa Kath katika nchi ya Khwarazm, na Abu al-Wafa akiwa Baghdad, walitazama kupatwa kwa mwezi usiku mmoja. Kwa kulinganisha nyakati zao, ikajulikana miji hiyo imeachana kiasi gani mashariki na magharibi.

Tusipime masafa kwa saa za safari. Rubani hukwepa dhoruba na anga zilizofungwa, na upepo wa juu uvumao kutoka magharibi huirefusha safari ya kurudi Marekani, ilhali miji haikusogea.

Na kwa kuwa Makka iko karibu na Jeddah, uzi wa kibla ni takriban uleule. Basi jamaa yetu aelekeaye kaskazini-mashariki hakupotea. Ameielekea Al-Kaaba kwa njia iliyo fupi. Wazazi, wapeni watoto tufe na uzi wajionee wenyewe, kabla hatujamtia mtu makosani kwa sababu ya karatasi.

Wabillahi tawfiq.