Kabla hujamtangaza mwanao, ijue kazi yake

MWAKA jana binti yangu aliacha kazi ya masoko kwenye kampuni ya simu, akaajiriwa na kampuni ya mawakili hapa Dar es Salaam. Kila aliyeniuliza habari zake nilimjibu, "Siku hizi yuko kwa wanasheria." Watu wakasikia walichotaka kusikia, nami sikuwarekebisha. Utamu wa kuitwa mama wakili wanaujua wanaoitwa.

Mwezi uliopita shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alifika kutoka Morogoro na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na wito. Ameshtakiwa kwa ajili ya shamba, na alitakiwa kuwasilisha majibu ya maandishi ndani ya siku 21. Siku 17 zilikuwa zimeshapita. Alikuwa akisubiri nauli, moyo umetulia kwamba wakili yuko nyumbani, tena wa bure.

Binti akausoma wito mara mbili. "Baba mkubwa, mimi si wakili," akasema taratibu. "Nikikuandikia haya majibu nitakuwa kishoka, na utakayeumia ni wewe."

Shemeji akanigeukia. Sikuwa na pa kuuweka uso.

Usiku ule ndipo nilipomuuliza mwanangu, kwa mara ya kwanza, anafanya nini hasa ofisini. Akanieleza kwamba anaandaa semina za wateja, anasimamia tovuti, na anageuza lugha nzito ya mawakili iwe maelezo ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo atayaelewa. Kwenye simu kazi ilikuwa kuhimiza watu wanunue vifurushi leo leo. Huku, kanuni za maadili ya mawakili zinabana matangazo, hivyo hakuna kupiga debe wala kuahidi ushindi. Kila andiko lake hupitiwa na wakili kabla halijatoka.

"Nimejifunza kutosema zaidi ya kilichopo, mama," akasema. Maneno yale yalinichoma.

Wenye watoto waliosomea mawasiliano au masoko, msidhani ofisi za sheria haziwahusu. Lakini kuwa wakili ni njia nyingine: shahada ya sheria, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha kuapishwa na Jaji Mkuu. Ukitaka kujua kama wakili ni wa kweli, mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Asiye na uwezo wa kulipa awaone watoa msaada wa kisheria, ambao wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Ila ukipata wito, usiulalie hata siku moja.

Kesho yake asubuhi tulimpeleka shemeji kwa wakili, na majibu yakawasilishwa siku ya 20. Kesi bado inaendelea. Gharama nimechangia, sikungoja kuombwa.

Siku hizi wakiniuliza, nasema, "Ni ofisa mawasiliano kwenye kampuni ya mawakili." Ni jina refu kidogo, lakini halimpotezi mtu shamba.