Kiberiti si kipimo cha gesi!

Wiki hii nina donge na mpangaji mwenzangu hapa uswahilini. Juzi usiku mtungi wake ulianza kunuka, jamaa akashika kiberiti eti amulike aone gesi inavujia wapi! Nilimpokonya. Mke na mtoto walikuwa wamelala chumba hicho hicho.

Jamani, gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Ule uvundo tunawekewa makusudi ili tushtuke. Tena ni nzito kuliko hewa: haipandi darini, inatambaa sakafuni na kujikusanya uvunguni, inangoja cheche tu.

Ukiisikia, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watoto nje. Swichi ya taa usiiguse, si kuwasha wala kuzima. Ndivyo tulivyofanya.

Harufu ilipokwisha kabisa, tukakoroga sabuni na maji. Jiko limezimwa, mtungi tukaufungua, tukapaka povu kwenye valvu, regulata na mpira wote. Mapovu yanapofura, hapo ndipo panapovuja. Kwake yalifura pale mpira unapoingia kwenye jiko: kibano kimelegea! Tukafunga mtungi, tukakaza kwa bisibisi, tukapaka tena. Kimya.

Ila mpira ukipasuka usiufunge plasta, nunua mwingine. Na kila ukibadili mtungi, paka povu kabla hujapika.

Sabuni kidogo na bisibisi ya kuazima, basi. Yeye alitaka kulipa kwa familia nzima.

Tukutane wiki ijayo!