Msomaji Naye ni Mfanya Kazi



Wako wenzetu wanaouliza: mtu anayeketi kivulini akisoma karatasi, naye ahesabiwe kuwa mfanya kazi? Mikono yake haina sugu, hakubeba gunia, hakushika jembe. Sisi twajibu kwamba ahesabiwe, tena mapema. Kwa ushahidi tutawapeleka kwanza Hollywood, Marekani, kisha tutarudi Nairobi.

Huko Hollywood iko kazi ya kusoma miswada ya filamu. Kampuni kubwa hupokea miswada mingi kuliko wakubwa wake wawezavyo kusoma. Mswada mmoja huwa na kurasa kama 90 mpaka 120, na ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Basi huwekwa msomaji. Yeye huusoma wote, huifupisha hadithi, hueleza uzuri wake na kasoro zake, kisha hutoa hukumu moja kati ya tatu: ukataliwe, ufikiriwe, au upendekezwe. Miswada iliyo mingi hukataliwa. Mara nyingi mkubwa husoma ile taarifa tu, wala mswada wenyewe haufungui.

Hapo mwaona uzito wa kazi hii. Mtu ameandika mwaka mzima, na jasho lake limo mikononi mwa msomaji asiyemjua. Na msomaji huyo, hata filamu ikija kusifiwa ulimwengu mzima, kwa kawaida jina lake halionekani kwenye kitambaa cha sinema.

Wasomaji hawa wako wa namna mbili. Wa kwanza wamo katika chama. Ni wanachama wa chama cha wahariri wa filamu, Local 700, kilicho chini ya IATSE, muungano wa wafanya kazi wa sinema na maonyesho. Hao hulipwa kwa saa, na mapatano ya chama huwapa haki ya matibabu na pensheni. Wa pili ni vibarua wa nje. Hao hulipwa kwa kila mswada, yaani kazi ya kipande. Wiki isiyo na miswada ni wiki isiyo na posho, na akiugua hana wa kumwuliza hali.

Tufanye hesabu. Tuseme kibarua analipwa dola 60 kwa mswada mmoja. Akiusoma kwa makini na kuandika taarifa nzuri kwa saa nne, amepata dola 15 kwa saa. Akiruka kurasa na kumaliza kwa saa mbili, amepata dola 30. Malipo yenyewe yanamfundisha kulipua kazi! Anayeumia ni msomaji, ni mwandishi, na mwishowe ni tajiri mwenyewe, kwa kuwa hadithi njema imetupwa pamoja na mbaya. Wachuma chai wetu waijua hesabu hii: ukilipwa kwa kilo, mkono huenda mbio, na jani baya huingia kikapuni.

Wengine watasema, chema chajiuza. Sisi twasema mswada uliofungwa haujiuzi. Lazima mtu aufungue, na mtu huyo awe ameshiba na amelala.

Sasa imekuja mashine. Mwaka 2023 waandishi wa filamu wa Marekani waligoma tangu tarehe 2 Mei mpaka 27 Septemba, siku 148. Katika waliyoyapata ni kwamba mashine ya akili bandia isihesabiwe kuwa mwandishi. Lakini mapatano hayo yalikuwa ya waandishi. Leo zinauzwa programu zinazopewa mswada na kutoa taarifa kwa dakika chache. Mwaka 2024 IATSE nayo ilipatana na waajiri kwamba mfanya kazi asilazimishwe kuiagiza mashine kwa namna itakayomwondoa mwenzake kazini. Ngao hiyo ni ndogo, lakini msomaji aliye chamani anayo. Kibarua wa nje hana hata hiyo.

Basi turudi nyumbani. Hapa Nairobi wako vijana wanaosoma na kutazama mambo yanayowekwa katika mitandao, ili yaliyo machafu yaondolewe watu wasiyaone. Wako na wengine wanaosoma na kupanga maneno ili mashine ijifunze. Nao pia kazi yao ni kusoma, na majina yao hayaandikwi popote. Tarehe 1 Mei 2023, siku moja tu kabla ya mgomo wa waandishi kule Hollywood, zaidi ya 150 kati yao walikutana hapa mjini wakapiga kura ya kuunda chama chao. Hawakungoja kwanza tukague sugu za mikono yao.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa matawi mambo matatu. La kwanza, msomaji, mpanga maneno au karani anayelipwa kwa kipande akija ofisini kwetu, asirudishwe mlangoni. La pili, kila penye kazi ya kipande, chama kipime saa zinazotumika kweli, na malipo yafuate saa hizo. La tatu, mashine isiingizwe mahali pa kazi kabla ya mwajiri kuketi mezani na chama.

Atakayesema mambo haya hayamhusu, akumbuke Kericho mwaka 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto kwa hasira. Hasira hiyo twaielewa, lakini moto haukuandika mapatano. Mashine iliyomfikia mchuma chai shambani ndiyo hiyo hiyo iliyomfikia msomaji kitini, ila imebadili nguo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi tusikikate kile kinachoshika karatasi.