Hesabu ya Wasio na Kazi na Lawama ya Uvivu

Kuna watu, na baadhi yao ni wenye elimu, washikao tarakimu moja ya serikali na kuifanya fimbo ya kuwapigia vijana. Husema: Mwaka 2006 wasio na kazi katika Tanzania walikuwa 11.7 katika kila 100, na mwaka 2014 wakawa 10.3; basi karibu watu 90 katika 100 wana kazi, na kijana alalamikaye ni mvivu tu. Sisi twalikataa neno hili. Hatuikatai hesabu, twakataa maana wanayoitia.

Kwanza na tuulize, ni nani aitwaye mwenye kazi? Kanuni iliyowekwa mwaka 1982 na mkutano wa wataalamu wa takwimu, chini ya Shirika la Kazi Duniani, yasema kwamba mtu aliyefanya kazi ya ujira au ya faida japo saa moja katika juma linaloulizwa, huyo ana kazi. Saa moja! Basi mama aliyekaanga maandazi asubuhi moja akapata bei ya kibaba cha unga, huandikwa safu moja na karani mwenye mshahara wa mwezi. Kijana aliyebeba gunia la mtu sokoni, kisha akakaa siku sita asiitwe tena, naye yumo. Wataalamu wana sababu yao, tena ni njema: wataka kila kazi izaayo mali ya nchi ihesabiwe, hata iliyo ndogo. Lakini kuhesabu jasho la mtu si kushuhudia kwamba jasho hilo lamlisha.

Na asiye na kazi je? Kwa kanuni hiyo hiyo yapasa awe hana kazi kabisa, awe tayari kuianza, tena awe anaitafuta. Aliyechoka kutafuta hutolewa nje ya hesabu. Tazameni, ndugu wasomaji. Kijiji kina watu 100. 90 wana kazi na 10 wanatafuta. Wasio na kazi ni 10 katika 100. Watano kati ya hao wakate tamaa wakae nyumbani: sasa twagawanya kwa 95, na wasio na kazi wawa 5 na kidogo katika 100. Tarakimu imeshuka karibu nusu, wala hapana hata mmoja aliyepata kazi.

Afrika ya Kusini waliiona hatari hii, nao huchapisha hesabu mbili. Katika robo ya pili ya mwaka 2021 hesabu nyembamba ilikuwa 34.4 katika 100. Ile pana, iwaingizayo na wanaotaka kazi bila kuitafuta, ilikuwa 44.4. Kanuni ya taifa ya Tanzania nayo haikumshurutisha mtu kutafuta, na kwa hilo twaisifu, maana kijijini mtu atafute kazi kwa nani?

Tena, wale wenye fimbo na watujibu: je, vijana wa Afrika ya Kusini ni wavivu mara tatu kuliko wa kwetu? La, hasha. Huko, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 iliwafungia watu weusi katika sehemu ndogo ya nchi, na wengi hawana shamba la kurudia. Kwetu aliyekosa ajira hurudi kwenye jembe la baba yake, au hutandaza machungwa kando ya barabara, kwa sababu asipofanya hivyo atalala na njaa. Naye akiisha kufanya hivyo huitwa mwenye kazi. Tarakimu yetu ni ndogo kwa kuwa maskini hana nafasi ya kukaa bure, na hawa wenzetu wanaisoma kana kwamba kazi zimejaa tele!

Mwaka 2013 wataalamu wakabadili kanuni: alimaye hasa chakula cha nyumba yake afanya kazi kweli, lakini hahesabiwi katika ajira. Mama yule yule, jembe lile lile, naye ahama safu kwa kalamu tu.

Basi atakaye kumhukumu kijana wa kijijini kwa 10.3 na alete pia hesabu ya saa alizofanya na fedha alizopata. Haina haja ya kutafutwa mbali: uchunguzi ule ule wa mwaka 2014 uliuliza habari za saa na za mapato pia.